Harufu ya Ndizi Ndani ya Maski

Cheti changu cha kwanza cha kuondoa rangi ya risasi nilikaa nacho siku tisa tu, kisha nikakirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Hicho mnachokiona kimening'inia sebuleni, chenye fremu na kioo, ni cha pili. Wageni hukisifu, nami huwashukuru na kuwaongezea chai. Lakini nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii nataka mjue habari za kile cha kwanza, maana ndicho kilichonifundisha.

Mimi ni Bashir, mzaliwa wa Garissa, mtoto wa mtaa wa Iftin. Kwa miaka mingi kucha zangu zilikuwa hazitoki rangi hata siku ya Idi. Sasa nimestaafu. Magoti yananikumbusha kila ngazi niliyopanda, ila sina malalamiko. Nala vizuri, nalala vizuri, na nikipita mbele ya jengo nililolifanyia kazi napunguza mwendo kidogo nilitazame, hata wajukuu wakinivuta mkono. Basi kaeni kitako. Mwenye simu aizime, au angalau aifiche nisiione.

Aliyeniingiza kwenye rangi ni Adeer Gedi. Adeer kwa Kisomali ni ndugu wa baba. Huyu hakuwa ndugu wa baba yangu, ila kwetu mtu akikufundisha kazi na kukufokea kila siku huwezi kumwita kwa jina tupu. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye ndevu ndefu alizozitia hina kila Alhamisi hadi zikawa nyekundu kama vumbi la barabara ya Wajir. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Alipiga mstari kwenye fremu ya dirisha bila kubandika utepe, na kioo kikabaki safi. Mimi nilihitaji utepe, kitambaa, na dua.

Adeer alikuwa na njia yake ya kuitambua rangi. Akiitwa kukagua nyumba ya zamani, alibandua kigamba kwa ukucha, akakiweka ulimini. Kikiwa kitamu, alitikisa kichwa kwa heshima.

"Hii ni rangi ya Mwingereza," alisema. "Rangi tamu. Haitoki kwa mchezo."

Nami nikajifunza kuonja. Tukisha kuonja tuliiunguza kwa moto wa gesi, tukaikwangua ikiwa kavu, tukamalizia kwa msasa, vumbi likijaa chumbani mpaka hatuonani. Jioni tulirudi nyumbani na nguo zile zile. Aliyekohoa zaidi ndiye aliyehesabiwa kuwa amefanya kazi. Kumbe ule utamu ndio risasi yenyewe, yale madini yenye sumu.

Sasa kozi yenyewe. Katikati ya miaka ya tisini shirika moja la misaada, jina nitaliacha, lilitaka kuligeuza jengo moja la zamani la serikali pale mjini kuwa wodi ya kulishia watoto waliodhoofu kwa ukame. Kuta, milango na madirisha vilikuwa na rangi ya kijani ya miaka na miaka, tabaka juu ya tabaka, ikimenyeka. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu kinywani, na mtoto mwenye njaa huzidi. Wakaamua kwamba hakuna fundi atakayegusa ukuta bila kusomeshwa na kupewa cheti. Mwenye cheti ndiye angeingia ndani, na mmoja wao angekuwa msimamizi, na baada ya jengo lile kulikuwa na mengine yanayosubiri, hadi kambi ya wakimbizi ya Ifo. Asiye na cheti angebaki nje kuchota maji.

Cheti kile nilikitaka kufa na kupona. Miezi miwili mbele nilikuwa namwoa Sahra, na wajomba zake walipouliza kijana anafanya kazi gani, wakaambiwa anapaka rangi, walinyamaza ule unyamavu wa watu wenye adabu. Nilitaka karatasi yenye mhuri niwawekee mezani. Tena kwa ajili ya harusi hiyo hiyo nilikuwa nafuga ndevu. Zilikuwa na miezi mitatu, fupi, nyeusi, zimejaa vizuri. Mama yake Sahra alisema zinanipa utu uzima. Nilipita kwenye kila kioo cha gari nikizitazama.

Tulikuwa mafundi sita, Adeer Gedi akiwamo. Mwalimu wetu aliletwa kutoka Mombasa, Mwalimu Mwanajuma, mama wa makamo aliyekaa miaka na wapaka rangi wa meli bandarini. Alivaa miwani mikubwa, na sauti yake ilitosha kusimamisha punda aliyekimbia na mkokoteni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao, laini, kinachotufanya sisi wengine tujione kama tunatafuna kokoto.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa jengo na kusema mbele ya watu wote, "Kuta hizi zina risasi. Hapana mtoto kusogea."

Hebu fikirini. Garissa ya miaka ile, barabara hazina amani, magari yanasindikizwa na askari, halafu mgeni anasema kuta zina risasi. Kwa Kisomali nako ni hivyo hivyo: rasaas ni ya bunduki, na rasaas ni madini. Kufika adhuhuri mji mzima ulijua kwamba jengo limepigwa risasi. Kina mama waliwafungia watoto ndani. Mlinzi wa getini, mzee mmoja mwenye bidii, akazunguka akigonga kuta kwa rungu na kutega sikio. Jirani akaleta koleo ili atusaidie kuzichomoa. Chifu alipofika na askari wawili, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Nani alipiga?"

Mwalimu Mwanajuma alimweleza kutwa nzima. Chifu akatazama ukuta, akamtazama yeye. "Kwa hiyo iko ndani ya rangi, na haitoki kwa bunduki."

"Haitoki kwa bunduki, Chifu. Hutoka kwa msasa."

Chifu aliondoka akiwa na wasiwasi zaidi kuliko alivyokuja. Nafikiri alielewa.

Nawaambia hili ili mjue: neno la kwanza kazini ni kumweleza mwenye nyumba kwa lugha anayoielewa. Msiingie na maski na ovaroli nyeupe mkawaacha watu wakidhani kuna kipindupindu. Mimi tangu siku ile husema, "rangi hii ya zamani ina sumu, vumbi lake linaharibu akili na tumbo la mtoto," basi. Hakuna anayeleta koleo.

Kozi ilikuwa na mambo matatu ya kufuzu: maji, kitambaa na maski. Maji maana yake usikwangue rangi kavu kamwe. Nyunyiza, subiri inywe, kwangua kidogo kidogo kwa skrepa iliyonolewa, rangi ianguke ikiwa tope wala si vumbi, juu ya nailoni mliyoitandika sakafuni mara mbili. Madirisha yamefungwa, feni imezimwa, ufagio umepigwa marufuku. Kitambaa maana yake mwisho wa kazi upanguse mara tatu, kila mara kitambaa kipya, na cha mwisho kitoke kama kilivyoingia. Haya nitayarudia mpaka nife, nanyi mtanichoka.

Kwenye maji ndipo nilipoharibu. Maji yale machafu yalitakiwa kumwagwa kwenye pipa lenye kifuniko, yasiguse ardhi. Sasa mimi ni mtoto wa wafugaji. Tangu nazaliwa sijamwona mtu akimwaga maji huku mnyama anatazama. Nilitoka nje na ndoo, nikamkuta mbuzi wa yule mlinzi amefungwa kwenye nguzo, ulimi nje. Mikono yangu haikuniuliza. Ilimsogezea ndoo.

Mwalimu alipiga ukelele, akanifikia kabla sijajua kosa ni lipi. Mbuzi alikuwa amelamba mara mbili tatu.

"Bashir, wamnywesha sumu?"

"Alikuwa na kiu, Mwalimu."

Aliandika kwenye daftari lake. Mbuzi yule hakufa. Aliishi mpaka akazaa, na mlinzi kila akiniona alinipa habari zake nisizoziomba. Lakini Mwalimu aliniambia wazi kwamba kosa jingine moja tu na nitakwenda zangu. Kwa hiyo nilifika kwenye maski nikiwa nimebaki na mguu mmoja.

Maski zetu zilikuwa za mpira, zenye vichujio viwili mashavuni. Mpira ushikane na ngozi pande zote, hewa ipite kwenye kichujio tu. Mwalimu hakutugusa sisi wanaume nyuso. Alivaa yake, mikanda ikapita juu ya mtandio wa pamba alioukaza sawasawa, akatuonyesha mikanda inavyokwenda, kisha sisi tukakazana wenyewe kwa wenyewe. Akasema, "Na ndevu ziondoke. Unywele mmoja ni mlango."

Watano kati ya sita tulikuwa na ndevu. Adeer Gedi ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, hii ndevu ni sunna."

"Mzee Gedi, hayo ni yako na Mola wako, siyaingilii. Mimi ugomvi wangu ni na vumbi."

Mtihani wa maski ulikuwa hivi. Alitundika kihema kidogo cha nailoni kwenye boriti. Unaingiza kichwa na maski yako, yeye anatia ndani pamba yenye mafuta yanayonukia ndizi mbivu. Unainama, unageuka, unasoma maneno kwa sauti, kisha anakuuliza unasikia harufu gani. Ukisikia ndizi, maski inavuja, umeanguka. Usiposikia kitu, umefaulu.

Alitupima baada ya chakula cha mchana. Wa kwanza akasikia ndizi. Wa pili ndizi. Wa tatu, ambaye hana hata unywele mmoja kidevuni, ndizi. Mwalimu akabadilisha maski, akabadilisha vichujio, akavaa miwani, akaivua. Sote sita, ndizi tupu. Akakaa chini amechoka, na hapo ndipo alipoiona sinia yetu pembeni: wali, mifupa ya mbuzi, na rundo la maganda.

"Jamani," alisema polepole. "Nyinyi mwala wali kwa ndizi?"

Adeer alishangaa kweli kweli. "Sasa wali utakula na nini?"

Mikono yetu ilinuka ndizi, midomo ilinuka ndizi, hata mikanda ya maski tuliyoikaza kwa vidole vile ilinuka ndizi. Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaosha kila kitu kwa sabuni, akasema tutarudia asubuhi kabla mtu hajatia kitu kinywani.

Jioni ile wenzetu watatu walikwenda kwa kinyozi. Mimi na Adeer hatukwenda. Yeye ana lake na Mola, mimi nina langu na mama mkwe.

Asubuhi niliingia wa nne. Mpira ulibana, nikavuta pumzi, na mwanzoni palikuwa patupu. Kisha nikainama. Ikaja, ndogo, tamu, kando ya taya la kushoto. Ndizi.

Niliisikia, wanangu. Sitaki kuwapambia. Ila akili ya mtu anayetaka kitu ni hodari wa kumtafutia sababu, na mimi yangu ilikuwa tayari imeiva: hii ni ndizi ya jana. Imebaki kwenye ndevu tangu mchana. Si ya kihema.

"Wasikia nini?" Mwalimu aliuliza.

"Sisikii kitu, Mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alizitazama ndevu zangu, akanitazama mimi. Mtihani ule hauna kipimo kingine ila ulimi wa mtu. Akaandika.

Adeer aliingia baada yangu, na hakungoja kuulizwa. "Mimi nasikia ndizi. Mingi."

Akapewa maski nyingine, akakazwa mpaka macho yakamtoka.

"Na sasa?"

"Bado," alisema kwa lafudhi yake nzito ya Kisomali. "Hii ndizi imeifa kabisa."

"Mzee Gedi, ukinyoa hizo ndevu nakupa cheti leo leo."

Adeer alizipapasa ndevu zake zile nyekundu. "Hapana, Mwalimu. Sitoi. Lakini ndizi nasikia."

Basi vyeti vikatolewa vitano. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma shule zaidi, nikafanywa msimamizi. Aliyenishikisha brashi akawa mchota maji wangu. Nilikuwa namwambia, "Adeer, lete maji," nikitazama pembeni, naye analeta. Cheti niliwapelekea wajomba zake Sahra. Walikipitisha mkono kwa mkono, wakakisoma na mhuri, na safari hii unyamavu wao ulikuwa mtamu.

Kazi ilikwenda vizuri. Tuliziba madirisha, tukatandika nailoni, tukaanza kukwangua kijani ile chumba kwa chumba. Kila saa saba nilivua ovaroli, nikanawa mikono kwa sabuni, nikabadili nguo kama nilivyofundishwa, nikapita msikitini, nikaenda kula kwa dada yangu Halima niliyekuwa nakaa kwake. Ndevu sikuziosha kwa sabuni. Kwani zilikuwa ndani ya maski; niliamini ndiyo sehemu safi kuliko zote mwilini mwangu. Udhu nilichukua kwenye bomba la msikiti, maji yanakwenda, na mtu mwenye njaa hutawadha haraka. Nyumbani binti yake Halima, Hamdi, ambaye alikuwa bado anatambaa, alinipanda mapajani kila siku, akazishika ndevu kwa mikono miwili, akavuta, kisha akatia vidole kinywani. Tukacheka wote.

Siku ya tisa bomba la msikiti lilikauka. Alasiri tukatawadha pale pale kazini, na kwa kanuni ya Mwalimu hakuna maji ya kumwagwa chini, Adeer akaweka karai nyeupe. Alinimiminia kwa jagi, mimi nimeinama. Nikaosha uso. Nikapitisha vidole vilivyolowa kwenye ndevu, kama inavyotakiwa. Maji yakadondoka kwenye karai.

Yalikuwa ya kijani.

Sote wawili tuliyatazama. Adeer akaweka jagi chini.

"Bashir. Ile asubuhi ulisikia ndizi?"

"Nilisikia, Adeer."

Nilingoja anifokee, maana kufoka alikujua. Hakufoka. Alininyooshea mkono wake wa kulia, vidole wazi, na nikaona unavyotetemeka. Miaka miwili mitatu sasa alikuwa hapigi tena mstari wa madirisha. Alinipa mimi na kusema macho yake yamechoka.

"Hii mkono ilikuwa inabiga mstari. Unakumbuka?" alisema. "Mimi nilisema ni uzee. Sasa huyu mama amekuja, ametaja jina yake, risasi. Wewe umesoma bamoja na mimi, umesikia jina, halafu umesema hakuna kitu."

Sikuwa na pa kuuficha uso. Na nikiwa bado nimeinama pale, ndipo alipokuja akilini Hamdi, vidole vyake kinywani. Nilikimbia kutoka pale hadi Iftin na ndevu zinadondoka maji. Watu waliniona nikipita, wakadhani kuna msiba.

Halima alinisikiliza huku akimwosha mtoto mikono, mdomo, kila mahali. Aliuliza swali moja. "Ulijua?"

"Nilijua nusu," nilisema.

Hakunisemesha tena kwa siku nyingi. Chakula aliniwekea, neno hakuniwekea. Nimefokewa na watu wengi maishani, hakuna aliyenikomesha kama yule.

Kinyozi alizitoa zote jioni ile. Kidevu kilitokea cheupe, cha mtoto wa shule. Kisha nikamfuata Mwalimu Mwanajuma ofisini, nikaweka cheti mezani na kumweleza, tangu taya la kushoto hadi karai. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Kanuni ni hapana ndevu, mwisho. Nilizionea haya, nikakupa kwa neno lako." Akakitia cheti ndani ya droo. "Neno lako hukulitunza, nami sheria yangu sikuitunza. Kesho kazi yasimama, napima kila mtu upya. Nyote mlioingia ndani, pamoja na mtoto, mtatolewa damu, iende Nairobi."

Damu ilikwenda, na kusubiri kukaanza. Nilikuwa kila siku namtazama Hamdi: anakula, anacheka, anatambaa? Akilala mchana mrefu, roho yangu ilikaa mlangoni. Kazini Mwalimu mwenyewe alishika usimamizi. Mimi na Adeer tukawa wachota maji wawili. Nilibeba ndoo mbili, yeye moja, kwa ajili ya ule mkono. Katika siku zile ndipo aliponifundisha mambo mengi kuliko miaka yote ya nyuma, maana sasa alikuwa na muda wa kuongea. Alinitajia kila nyumba tuliyoiunguza kavu pamoja, na nani alikuwa anakaa humo. Baadhi yazo tulizirudia baadaye, tukagonga mlango na kuwaambia wenyewe wapanguse kwa maji. Wengine walitufukuza. Wengine walitupa chai.

Majibu yalikuja. Mwalimu aliyasoma amesimama mlangoni kwa Halima. Hamdi alikuwa salama. Mimi risasi ndani ya damu yangu ilikuwa juu kuliko ya wenzangu wote waliokuwa ndani, nikakatazwa kuingia kwenye rangi mpaka ishuke. Halima alimchukua mtoto, akamweka mapajani pangu, akaenda jikoni. Kutoka huko akaniuliza kama nataka sukari. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza, na mimi nililia kwa sababu ya sukari, wanangu, mbele ya mwalimu wangu.

Wajomba zake Sahra niliwafuata mwenyewe. Niliwaambia cheti mlichokishika sinacho tena, kwa kuwa nilidanganya na mtoto wa dada yangu akaingia hatarini; ya ndizi sikuyataja. Mkubwa wao ndiye aliyeuliza.

"Mtoto ni mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Basi harusi iko pale pale," alisema. "Lakini dada yangu atasikitika kwa ndevu."

Cheti cha pili nilikipata baadaye sana, nikiwa nimeshaoa, risasi imeshuka, kidevu kitupu, na ndani ya kihema sikusikia ila pumzi yangu mwenyewe. Wodi ilikuwa imeshafunguliwa. Kitambaa cha tatu kilitoka cheupe, Mwalimu akakitembeza tukione mmoja mmoja, na watoto wakalazwa mle ndani, wakanona, wakatambaa sakafuni wakilamba wanavyotaka.

Tangu hapo nimewapima vijana wengi, Garissa, Ifo, hata kule Rhamu. Siwaulizi kama wanasikia ndizi. Nawasimulia kwanza habari hii, kisha nawaingiza kihemani, na kila mwaka anatokea mmoja anayetoka mwenyewe kabla sijauliza, akaenda kwa kinyozi. Huyo ndiye ninayempa kuongoza wenzake. Nyinyi wenye vindevu vya mitindo, nawaona mnavyovishika. Sijasema kitu.

Siku ya harusi tuliketi wanaume kwenye mkeka mmoja, sinia katikati, wali unafuka, nyama ya mbuzi juu yake, ndizi zimepangwa pembeni. Adeer Gedi alikaa kando yangu, ndevu zake zimetiwa hina mpya. Alichukua ndizi moja. Mkono ukitetemeka, aliimenya taratibu, hakukubali kusaidiwa, akaikata kipande na kukiweka juu ya wali wangu. Kisha akainama karibu na shavu langu lisilo na ndevu.

"Bashir," alisema kwa sauti ambayo sinia nzima iliisikia. "Unasikia ndizi?"

Wajomba zake Sahra walitazamana. Walidhani mzee amechanganyikiwa.

"Nasikia, Adeer."

"Mingi?"

"Mingi."

"Haye," alisema. "Kula."